Paipu za Plastiki Zilizokauka Kwenye Injini ya Gari la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wenye magari yaliyopita miaka kumi, na pia na mafundi wanaoyafungua. Mtu alikwenda kubadilisha plagi au gasketi ya kava la juu, akagusa paipu nyembamba nyeusi iliyokuwa pembeni, ikakatika mkononi. Majibu yanafuata kazi inavyokwenda, tangu kufungua hadi kupima. Mwenye haraka aende kwanza kwenye swali la "Basi niunge vipi? Na mpira gani?", linaloeleza kinachopita ndani ya paipu, maana hilo ndilo linaloamua uunge au ununue.

Paipu ilikuwa nzima jana. Kwa nini leo imevunjika kwa kuguswa tu?

Haikuwa nzima, ila hakuna aliyekuwa ameigusa. Paipu nyingi ngumu za juu ya injini ni za nailoni. Nailoni ikiwa mpya hupinda vizuri kwa sababu ina unyevu kidogo ndani yake, na mara nyingi kiwanda huongeza vilainishi. Joto la chini ya boneti hukausha vyote viwili, kisha oksijeni huanza kuila plastiki yenyewe polepole. Pale panapopita mvuke wa oili kutoka ndani ya injini, hali huwa mbaya zaidi. Mwishoni unabaki na kitu chenye umbo la paipu na nguvu za ganda la yai. Kikikaa bila kusogezwa kinaweza kuendelea kufanya kazi kwa miaka. Siku unapokipinda kidogo ili upishe spana, kinakatika.

Umri wa magari yetu unachangia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Uganda imeweka ukomo wa miaka 15. Kwa hiyo hata gari linaloitwa jipya mtaani limeshafika na plastiki yenye miaka saba au minane ya joto la injini. Kisha linaanza maisha ya foleni: Barabara ya Mandela au Thika Road, injini inanguruma, gari halisogei, hewa haipiti kwenye boneti. Foleni huchosha plastiki kuliko safari ya Dodoma.

Ni magari gani yanasumbua zaidi?

Ya Kijerumani yanaongoza, na hakuna haja ya kuwaficha wenyewe. Mercedes zenye injini ya M271, yaani zile C180 na C200 Kompressor za umbo la W203 na W204, zinajulikana kwa paipu za kupumulia (zinazotoa mvuke wa oili ndani ya injini) zilizojificha chini ya manifodi ya hewa (chombo kinachogawa hewa kwenye silinda). BMW zenye M54, kama E46 na X5 ya kwanza, zina kitenganishi cha oili na paipu zake nne chini ya manifodi, na ni nadra kuzitoa nzima. Volkswagen na Audi hupenda viungo vya plastiki vya kubonyeza karibu kila mahali.

Toyota hutumia mipira laini kwa wingi, kwa hiyo mwenye Vitz au Premio ana nafuu. Nafuu yake ina mipaka. Vali ndogo za umeme zinazofungua vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) zina midomo ya plastiki, yaani ncha zinazochomoza ambazo mpira huvalishwa, viungo vya T vya mipira ya hita ni vya plastiki, na shingo ya rejeta ni ya plastiki. Hapo mpira unatoka mzima na mdomo unabaki ndani yake. Kwenye Subaru, angalia sana viungo vya plastiki vya mipira ya kupumulia vilivyo chini ya manifodi.

Nianzie wapi kabla sijashika chochote?

Piga picha. Ya mbali, za karibu, za kila upande, kabla hujafungua hata skrubu moja. Kumbukumbu ya fundi ni nzuri hadi saa ya chakula cha mchana.

Baadaye bandika vipande vya tepu ya karatasi kwenye kila ncha, uviandike namba: ncha na mdomo wake vipate namba moja. Safisha viungo kwa mswaki na maji ya sabuni, kisha uvipulize. Vumbi letu likichanganyika na oili huganda ndani ya kiungo, na hapo hata ukibonyeza sawasawa hakifunguki. Wengi huvunja kiungo kwa uchafu, wakidhani wamekosea mahali pa kubonyeza.

Halafu jiulize kama kweli lazima paipu hiyo itoke. Hili ndilo jambo linalookoa paipu nyingi kuliko ufundi wowote. Vali ya vakyumu mara nyingi imeshikwa na bolti moja tu ya spana namba 10: ifungue bolti, uisogeze vali pembeni pamoja na mipira yake. Kama paipu ya plastiki inaishia kwenye mpira upande mmoja na kiungo cha kubonyeza upande mwingine, achanisha upande wa mpira. Kama chombo kizima kinaweza kuning'inia kando kikiwa kimefungwa kwa kamba, kiache kining'inie.

Nifungue injini ikiwa ya moto au imepoa?

Inategemea paipu. Zile za hewa na za kupumulia, zifungue injini ikiwa vuguvugu, kiasi ambacho mkono unavumilia, maana plastiki yenye joto kidogo ina uvumilivu zaidi. Kama imepoa kabisa, mwagia kiungo maji ya moto kwa uangalifu, mbali na soketi za umeme na tundu la hewa, au tumia draya ya nywele dakika mbili tatu. Kiberiti cha gesi hapana. Moto wa wazi huyeyusha nje kabla ya kulainisha ndani, na hapo kuna mvuke wa petroli.

Za maji ya rejeta zinafunguliwa injini ikiwa baridi kabisa. Mfuniko ulioandikwa 0.9 au 1.1 (kipimo cha shinikizo) unashikilia maji yenye joto la kuzidi nyuzi 100 yasichemke. Ukiufungua au kuvunja paipu wakati huo, yanachemka yote kwa mpigo na yanakurukia usoni.

Viungo vya kubonyeza vinafunguka vipi bila kuvunjika?

Sukuma kwanza, ndipo uvute. Watu hubonyeza na kuvuta kwa pamoja, na kuvuta kunayabana yale meno yaliyoshika ukingo wa mdomo. Kisukume kiungo ndani kama unataka kukiingiza zaidi, bonyeza ukiwa bado unasukuma, kisha vuta moja kwa moja bila kuyumbisha kushoto na kulia. Kuyumbisha ndiko kunakokata shingo.

Kuna aina tatu utakazokutana nazo mara nyingi. Ya kwanza ina pete yenye sehemu mbili zenye mikwaruzo, unazibana kwa vidole pande zote mbili. Ukizibana penye sehemu laini hakitokei kitu. Ya pili ina waya wa chuma uliopinda, hasa kwenye mipira mikubwa ya maji: waya unanyanyuliwa kwa bisibisi bapa hadi usimame kwenye hatua yake ya nje, hautolewi kabisa. Ya tatu ina kitufe kidogo cha upande mmoja, na hii huonekana sana kwenye njia ya petroli.

Ikiwa umefuata yote hayo na hakitoki, acha. Pulizia maji ya sabuni ndani ya mwanya, kizungushe nusu mzunguko kwenda na kurudi kama kinaruhusu, upashe joto tena. Usilete bisibisi kubwa kukibandua.

Mpira umegandia kwenye mdomo wa plastiki. Nivute kwa koleo?

Hapana. Kata mpira, okoa mdomo. Mpira unauzwa kwa mita na ni rahisi, lakini mdomo ule ni sehemu ya rejeta, ya manifodi au ya vali nzima. Jaribu kwanza kuuzungusha kwa mkono bila kuuvuta. Usipolegea, upasue kwa urefu kwa wembe, ukiacha kina kidogo ili wembe usifike kwenye plastiki, kisha uubandue kama ganda. Mkwaruzo wa wembe unaokwenda kwa urefu wa mdomo utakuwa njia ya kuvuja kila siku, hata ufunge klipu mbili.

Paipu imekatika na kipande kimebaki ndani. Kingine sikioni.

Kabla ya kutoa kilichobaki, ziba kila tundu lililo wazi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kilichokwama ndani ya mpira utakitoa kwa kuukata mpira. Kilichokwama ndani ya tundu la kiungo, pasha joto ncha ya bisibisi nyembamba au msumari, uichomeke kwenye plastiki iliyobaki, subiri ipoe na kushika, kisha uvute taratibu. Skrubu ya mbao inayozungushwa polepole ndani ya kipande nayo husaidia, mradi usiizungushe hadi ikapanua kipande na kupasua tundu.

Hicho usichokiona ndicho cha kukosesha usingizi. Kusanya vipande vyote juu ya karatasi nyeupe na uvipange upya hadi paipu ikamilike. Ikipungua pembe moja, itafute kabla ya kuwasha. Kipande kikiwa kwenye njia ya hewa kitaingia kwenye silinda na kinaweza kukaa chini ya vali. Mashine ya kufyonza vumbi iliyofungwa mpira mwembamba mdomoni hutoa vipande vizuri. Kupuliza kwa kompresa kunavisukuma mbali zaidi.

Naweza kuunga kwa supa gluu, epoksi au tepu?

Kwa paipu yenyewe, hapana. Nailoni iliyokauka na yenye oili haishikani na gundi kwa muda mrefu, na hata gundi ikishika, plastiki itavunjika sentimita moja pembeni. Tepu ya umeme hulainika kwa joto na kuacha utelezi. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa vizuri unaweza kukufikisha nyumbani kama ni paipu ya hewa. Kesho yake asubuhi mpira huo utolewe.

Kuna mahali pamoja ambapo epoksi inakubalika: mdomo mdogo wa vakyumu uliovunjikia kwenye manifodi ya plastiki. Manifodi itolewe kwanza ili vumbi la kutoboa lisiingie ndani, tundu litobolewe sawa na kukatwa nyuzi, kisha mdomo wa shaba ufungwe kwa nyuzi na epoksi kidogo ya kuziba. Nguvu hapo inatoka kwenye nyuzi. Shingo ya rejeta haiungwi hivyo, kwa kuwa kule kuna shinikizo na joto kila siku.

Basi niunge vipi? Na mpira gani?

Hapa ndipo pa kujiuliza: kinapita nini ndani? Mipira yote ni myeusi, yote inauzwa kwenye duka moja, na muuzaji atakukatia wowote uliopo. Inatofautiana kuliko inavyoonekana.

Hewa tupu ya vakyumu ndiyo rahisi zaidi. Mirija ya milimita 3.5 au 4 iliyokatika unaweza kuiruka kwa kipande cha mpira wa vakyumu wenye ukuta mnene, au hata wa silikoni, ukavalishwa ncha zote mbili kwa angalau sentimita mbili kila upande. Kata kwanza sehemu yote iliyokauka hadi ufike plastiki ambayo bado inapinda. Ukiunga ncha inayong'ofoka, utaunga tena wiki ijayo. Mpira wa dripu la hospitali, ambao nimeukuta kwenye magari mengi kuliko unavyofikiri, hulainika kwa joto na kujikunja ndani, kisha injini inaonekana kama ina tatizo jingine kabisa.

Paipu ya kupumulia injini hupitisha mvuke wa oili na petroli. Inahitaji mpira unaovumilia mafuta. Mpira wa petroli wenye maandishi J30R7 unafaa vizuri kwa kazi hiyo. Mpira wa hita, ambao kwa kawaida ni wa EPDM (aina ya mpira inayovumilia maji ya moto), huvimba na kuwa laini ukikutana na oili. Baada ya miezi kadhaa unaweza kuuvua kwa vidole viwili. Ule wa silikoni wa rangi ya bluu au nyekundu unaopendeza kwenye picha haupendi oili pia, isipokuwa uwe umetengenezwa na utando maalumu wa ndani.

Maji ya rejeta na hita ni kinyume chake. Hapo ndipo EPDM inapostahili, utaona maandishi kama J20R3. Mpira wa petroli ukiwekwa kwenye maji ya moto hukakamaa na kupasuka. Na kwa kuwa EPDM haipendi mafuta, usiupake grisi ya kawaida wala oili ili uingie kirahisi. Maji ya sabuni yanatosha.

Mpira wa busta ya breki (kifaa kinachotumia mvuto wa injini kurahisisha kukanyaga breki) usiungwe kabisa. Ukuta wake ni mnene ili usijikunje kwa mvuto, na mara nyingi una vali ya kuzuia hewa isirudi ndani yake. Nunua wake.

Petroli ina swali lake hapa chini.

Nitajuaje kipimo cha mpira?

Pima mdomo kwa vernia, siyo mpira wa zamani, kwa sababu mpira wa zamani umeshatanuka. Kipenyo cha ndani cha mpira mpya kiwe sawa na mwili wa mdomo au pungufu kidogo, ili uingie kwa kusukumwa. Ukihitaji klipu ili mpira usicheze, umechukua mkubwa.

Paipu ya petroli ya plastiki imepasuka. Kuna njia ya muda?

Hakuna. Kwenye injini za kawaida za sindano (injekta) petroli hiyo iko kwenye shinikizo la takriban bar 3, na iko karibu na injini na ekzosi zenye moto. Mpira uliovalishwa juu ya nailoni isiyo na ukingo na kukazwa klipu utateleza siku moja. Nunua paipu kamili yenye viungo vyake, au fundi mwenye kifaa cha kubana viungo kwenye nailoni mpya atengeneze nyingine. Mpira wa J30R9 unaruhusiwa pale tu ambapo ncha zote mbili ni chuma chenye ukingo, pamoja na klipu zisizokata mpira.

Kabla ya kufungua, toa fyuzi au relei ya pampu, washa injini ijizimie yenyewe, kisha toa waya wa betri. Kitambaa kizungushwe kwenye kiungo wakati unafungua, na hakuna sigara karibu. Njia ya shinikizo kubwa kwenye injini za D-4 za Toyota na nyinginezo za sindano ya moja kwa moja ni ya chuma na si ya kuchezea barabarani.

Paipu mpya ngumu haitaki kuingia. Nigonge?

Ichovye ncha kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka, dakika moja au mbili, kisha isukume moja kwa moja wakati bado ina joto. Mdomo uwe umeloweshwa maji ya sabuni. Ikipoa itabana yenyewe. Kwenye viungo vya kubonyeza vyenye pete ya mpira ndani, paka pete grisi kidogo ya silikoni, sukuma hadi usikie mlio wa kufunga, kisha vuta kidogo kuhakikisha. Usiposikia mlio, hakijafunga, hata kama kinaonekana kimekaa.

Gundi ya silikoni ya kwenye tyubu usiipake kwenye njia ya hewa. Aina nyingi hutoa mvuke unaoharibu sensa ya oksijeni.

Nirudishe klipu za springi au niweke za skrubu?

Rudisha za springi kama bado zina nguvu. Zinafuata plastiki inapotanuka kwa joto na kusinyaa ikipoa, za skrubu hazifuati. Klipu ya skrubu iliyokazwa na fundi mwenye hasira ndiyo huvunja shingo nyingi za rejeta. Kama huna nyingine, kaza hadi mpira uanze kutokeza kidogo kando ya klipu, uishie hapo.

Fundi ameziba mdomo kwa bolti badala ya kuunga paipu. Kuna ubaya?

Inategemea ameziba nini. Mdomo wa vakyumu usiotumika tena, hakuna ubaya, ingawa kofia ya mpira ingefaa zaidi. Mdomo wa njia ya mvuke wa tangi la petroli, gari litatembea lakini taa ya injini inaweza kuwaka.

Njia ya kupumulia injini ikizibwa, ondoa bolti leo. Gesi zinazopenya kando ya pistoni hazina pa kutokea, shinikizo linapanda ndani ya injini, na oili inatafuta njia yake: kwenye sili za mbele na nyuma, gasketi ya kava, hata dipstiki inasukumwa nje. Mtu anabadilisha sili mara mbili na kulaumu spea za bandia, kumbe ni ile bolti.

Nimemaliza. Nitajuaje kama hakuna panapovuja hewa?

Sikiliza kwanza. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, panapovuja hutoa mluzi au sauti ya kunyonya. Chukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe kwenye viungo, mbali na feni na mikanda.

Dalili hutofautiana. Gari lenye sensa inayopima hewa inayoingia, kama Toyota nyingi za injini ya 1NZ, likipata hewa ya wizi, isiyopita kwenye sensa, linakosa petroli ya kutosha: linamisi, linatetemeka, linaweza kutoa msimbo P0171 (petroli pungufu kwenye mchanganyiko). Gari linalopima mvuto wa ndani ya manifodi, kama Honda nyingi, huona hewa hiyo na kuongeza petroli, kwa hiyo mlio unapanda na unakataa kushuka.

Kama una kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, angalia marekebisho ya petroli (fuel trim), yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Yakiwa juu ya asilimia 10 injini ikiwa haikanyagwi, kisha yakashuka kuelekea sifuri kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta uvujaji wa hewa. Yakizidi kupanda unapokanyaga, angalia upande wa petroli.

Mwenye geji ya vakyumu atarajie inchi 18 hadi 21 za zebaki pwani, kwa injini nzima. Ila eneo la kijani kwenye geji hizi limewekwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari. Kila mita 300 unazopanda, kipimo kinashuka kama inchi moja, kwa hiyo Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu, injini ileile nzima itasoma inchi 5 au 6 pungufu. Si kila anayesoma 14 pale Industrial Area ana tatizo.

Njia bora ni mashine ya moshi, inayopuliza moshi kwenye njia ya hewa ili uone unapotokea, na gereji nyingi za mjini sasa wanayo. Isipokuwepo, chupa ya kupulizia maji ni salama: pulizia kiungo kimoja kimoja, mlio ukibadilika umepata. Kupulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini yenye moto hufanya kazi pia, mpaka siku gari linapowaka moto.

Baada ya matengenezo kanyagio la breki limekuwa gumu. Inahusiana?

Inahusiana kabisa, na gari lisitoke hapo. Zima injini, kanyaga breki mara nne au tano hadi iwe ngumu, shikilia mguu hapohapo, kisha washa. Kanyagio linapaswa kushuka kidogo. Lisiposhuka, mpira wa busta haujakaa, umepasuka, au vali yake imegeuzwa. Mshale wa vali unaelekea kwenye injini. Kwenye dizeli nyingi mvuto unatoka kwenye pampu yake, mara nyingi nyuma ya alteneta, kwa hiyo fuata mpira hadi huko.

T ya plastiki ya hita imevunjika. Niweke ya shaba?

Weka, ni maendeleo. Hakikisha vipenyo ni vilevile na ina ukingo wa kuzuia mpira kuteleza. Jaza maji na kulanti kwa uwiano wake, fungua hita hadi moto wa mwisho, toa hewa yote, na uangalie tena kiwango asubuhi inayofuata injini ikiwa baridi.

Ninunue mpya ya kampuni, ya kuigiza, au ya mtumba?

Mpira laini wa mtumba kutoka gari lililokatwa Japani unaweza kuwa mzuri: upinde, uangalie nyufa, uunuse. Paipu ngumu ya plastiki ya mtumba ni hasara hata ukipewa bure, kwa sababu ina umri uleule wa yako na ilishavutwa na mtu aliyekuwa na haraka. Kwenye maduka ya spea ya Kisekka (Kampala), Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) utaambiwa "hii ni orijino ya kutoka kwenye gari." Hapo ndipo tatizo lilipo.

Za kuigiza zipo nzuri na mbaya. Chukua ya zamani uende nayo, linganisha pembe na urefu, na ujaribu kuikunja kidogo palepale dukani. Mwenye M271 au M54 anunue seti nzima ya paipu za kupumulia kabla manifodi haijatolewa. Ukishatoa manifodi, badilisha vyote vilivyo chini yake hata kama viwili bado vinaonekana vizuri. Gharama kubwa ni ya kufika pale.

Fundi amevunja paipu akifanya kazi nyingine. Nani alipe?

Kwa haki, paipu iliyokauka ni ya mwenye gari na uzembe ni wa fundi. Fundi akikuita kabla ya kuanza na kukuonyesha, "bosi, hii ikiguswa itakatika," amefanya kazi yake, nawe ulipe spea. Akivunja, akaiunga kwa tepu na kufunga kava bila kusema, deni ni lake. Kwa hiyo mafundi, onyesheni mapema, na wenye magari, msidhani kila anayetaja spea ya ziada anatafuta hela ya chai.

Nimebaki na mpira mmoja mkononi na sijui ulitoka wapi.

Rudi kwenye picha. Kama hukupiga, angalia chini ya boneti, baadhi ya magari yana stika yenye mchoro wa mipira ya vakyumu. Isipokuwepo, soma alama za mpira wenyewe: ncha zake zina pete za mikandamizo zinazoonyesha upana wa midomo uliyovaa, upande uliokuwa juu una vumbi, na mpindo wake umeganda kwa umbo la njia uliyopita. Tafuta mdomo ulio safi na unaong'aa kuliko mingine, huo ulikuwa umefunikwa hadi leo asubuhi. Usiwashe injini kwanza ili "uone itakuwaje," kwa kuwa mdomo ulio wazi kwenye manifodi utafyonza chochote ulichokiacha karibu, na kitambaa kikiwemo.